Mtoto wa Horini, Lipangalala

Lipangalala, Ifakara
17 Novemba 1996

Mwanangu Konsolata,

Ukiipata barua hii ujue mama yako bado anakula na kulala, magoti tu ndiyo yanayolalamika. Natumaini mkwe wangu Seni hajambo, na mjukuu wangu ambaye sijamshika hata mara moja hajambo pia. Nasikia ametimiza miezi mitatu. Nasikia kwa watu sokoni, kama vile mtoto ni wa jirani.

Baba yako yupo. Tangu uondoke miaka miwili iliyopita amekataa kabisa kuniita Mama Konsolata. Siku hizi mimi ni Mama Beatus, kwa jina la ndugu yako, na mgeni akijisahau akanitaja kwa jina lako, basi siku hiyo chakula hakiliki. Wimbo wake ni ule ule: "Siwezi kupokea ng'ombe wa mahari walioshiba mpunga wangu." Aliwaambia hivyo wajumbe wa Seni, akamwambia Padri, na siku ya kufa nadhani atamwambia hata Mtakatifu Petro pale mlangoni.

Sasa sikiliza. Mwaka huu parokia inafanya kitu kinaitwa Njia ya Bethlehemu. Padri alikiona huko alikokwenda kusoma. Watu hawakai kwenye mabenchi kutazama igizo, wanatembea wenyewe ndani yake, kundi kwa kundi. Wanaanzia uwanja wa kanisa, hapo ndipo Nazareti, malaika anamtokea Maria. Wanapita ghala la mpunga, hapo ni kwa Herodi, na Herodi ni Fulgensi fundi baiskeli ambaye kufoka hakuhitaji kufundishwa. Wanabisha hodi nyumba tatu wanafukuzwa. Wanapita kwa wachungaji uwanja wa mpira. Mwisho wanaingia banda la matete nyuma ya nyumba ya masista, na humo wanamkuta Maria, Yosefu, mamajusi watatu, ng'ombe wa kweli na mtoto wa kweli horini. Kila mtu anapiga magoti, anagusa mguu wa mtoto, anatoka. Itakuwa alasiri ya Krismasi, halafu inarudiwa Jumapili ya Familia Takatifu.

Baba yako amechaguliwa kuwa mmoja wa mamajusi, yule mzee mwenye ubani. Nimemshonea joho kwa pazia la sebuleni na ndevu za sufi. Kila jioni anafanya mazoezi ya kupiga magoti mbele ya kabati la vyombo.

Na huyo mtoto wa horini, ili akina mama wasioneane wivu, halmashauri ya parokia imeamua awe yule wa mwisho kubatizwa katika Majilio, kabla ya Krismasi, awe wa nani, atoke kigango chochote. Umenielewa? Huko kwenu Mchombe nako ni kigango cha parokia yetu. Mlete mtoto abatizwe tarehe 22, misa ya kwanza, baba yako huwa anasali misa ya pili. Mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama na orodha inapita mkononi mwangu. Nitahakikisha jina lake ni la mwisho.

Baba yako atampigia magoti, Konsolata. Atamshika bila kujua ni nani. Na akishamshika, akishaona paji la uso lilivyo lake, hasira itakaa wapi? Hapo ndipo mimi nitamwambia, huyu ni wako. Nataka uingie nyumbani kwenu kwa mlango wa mbele na mtoto mgongoni. Sina ombi lingine kabla sijafa.

Mama yako,
Febronia


Mchombe
28 Novemba 1996

Mama, shikamoo.

Barua yako ameileta Nazari wa lori la mpunga. Imelowa mafuta ya taa lakini nimeisoma yote, nimeirudia, nikamsomea na Seni. Sisi wazima. Mtoto ana nguvu kupita umri wake, akikamata kitu hakiachi.

Jina la ubatizo tulishaliamua kabla hujaandika. Ataitwa Kelestini, kama baba. Usidhani ni mimi niliyelitoa, ni Seni. Alisema mtoto wa kwanza kwao hupewa jina la babu, na babu aliyepo ni mmoja. Nilimwambia babu huyo hakutaka hata kukuitikia salamu. Akasema babu ni babu.

Kuhusu mpango wako, moyo wangu mzito. Baba namjua. Kulia mbele ya watu anaweza, lakini kugundua kwamba watu walijua jambo kabla yake hawezi. Tukimficha halafu akajua, je?

Mama, kuna njia fupi kuliko hiyo ya Bethlehemu. Kuna neno moja tu lingemaliza mambo haya yote, na neno lenyewe liko kwako, haliko kwangu. Mimi nimelinyamazia tangu mwaka tisini na nne kwa heshima yako. Sikulazimishi. Nakukumbusha tu kwamba lipo.

Padri ametuma ujumbe kwa wafugaji wa huku, anaomba ng'ombe mmoja mpole wa kufungwa bandani. Wafugaji wenzake Seni wamekataa, wanasema wakulima wa Ifakara wanawaita wezi mwaka mzima halafu Krismasi wanataka ng'ombe. Seni atampeleka maksai wake mweupe, yule wa plau. Atamswaga mwenyewe kwa miguu.

Nasubiri neno lako.

Mwanao,
Konsolata


Lipangalala
16 Desemba 1996

Konsolata mwanangu,

Naandika kwa haraka, Nazari anapiga honi nje.

Maksai amefika salama. Baba yako alikwenda kumwona bandani, akampapasa shingo, akasema ng'ombe huyu ana adabu kuliko wanakwaya. Nikamwambia ni wa Seni. Akasema ng'ombe kaja kwa Padri, hakuja kwake. Unaona? Ameanza kulainika.

Hilo neno lako tuliache. Mambo ya dungu la kulindia mpunga ni ya zamani, ukiyafukua sasa utamtia baba yako presha. Mtoto atafanya kazi yote. Njoo tarehe 21, ufikie kwa Kristina dada yangu, uvae ushungi. Siku yenyewe utakaa nyuma ya ukuta wa matete ili umnyonyeshe mtoto kila kundi likitoka. Maria ni Paulina wa kwaya, nimeshamweleza atunze siri.

Nimemnunulia mtoto kanga mpya ya kumviringishia. Ya njano.

Mama


Mchombe
27 Desemba 1996

Mama, shikamoo.

Umewaambia watu tuliondoka kwa sababu ya mvua. Nazari amenieleza. Basi nikwambie yaliyotokea nyuma ya banda, maana wewe hukuwepo. Ulimwita baba, ukamwambia "Njoo umpongeze mama wa mtoto," halafu ukasema unakwenda kutazama chai ya mamajusi. Chai, Mama.

Lakini nianze kabla ya hapo. Nilikuwa nachungulia kwenye matete tangu kundi la kwanza. Baba alipoinama kuweka ubani, mtoto alimkamata ndevu, sufi ikabaki mkononi mwake. Watu wakacheka. Na baba akacheka, kile kicheko cha zamani, cha wakati tukiwa wadogo akirudi na samaki. Nilikuwa nimekisahau. Tangu hapo kila kundi likiingia alikuwa anainama zaidi ya inavyotakiwa, ili mtoto amfikie. Kundi la nne au la tano akamwomba Paulina ampe amshike. Akamsemea yale maneno ya Kipogoro ambayo bibi alikuwa akitusemea sisi tukipiga chafya. Mbele ya kundi la mwisho alisema kwa sauti: "Mtoto kama huyu akizaliwa nyumbani kwangu, nachinja." Nililia nikiuma ushungi. Nikasema mama yangu alikuwa sahihi na mimi mjinga.

Kisha ukamwita, ukaenda kwenye chai yako.

Alikuja amembeba mwenyewe, anatabasamu, ndevu zinaning'inia upande mmoja. Akaniona. Nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo baba. Anaitwa Kelestini."

Hakuitikia. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akamtazama tena mtoto. Akamkabidhi Paulina ingawa mimi nilikuwa nimenyoosha mikono, akasema, "Mpe mwenyewe." Akavua taji, akaliweka chini. Halafu akaomba maji. Paulina akaleta kopo akidhani ana kiu. Baba akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, polepole, na sabuni akaomba.

Akasema, "Kwanza uliacha dungu ukamwingizia Msukuma ng'ombe kwenye mpunga wangu. Sasa unanipigisha magoti mbele ya parokia nzima." Seni alikuwa amesimama pale na kamba ya maksai mkononi. Baba akauliza, "Mama yako alijua?"

Nikasema hukujua.

Hiyo ni mara ya pili, Mama. Mara ya kwanza ilikuwa Aprili ya mwaka tisini na nne. Zamu ya dungu siku ile ilikuwa yako. Mimi nilitoka Lipangalala kukuletea unga, nikakuta ng'ombe katikati ya mpunga na dungu tupu, na mtu nisiyemjua anahangaika kuwaswaga watoke. Mtu huyo ndiye Seni, ndiyo siku niliyomwona kwa mara ya kwanza maishani. Baba alipotokea akatukuta wawili, akajaza mwenyewe yaliyobaki. Nilikutazama wewe ulipofika jioni. Ukaangalia chini. Basi nikabeba lawama. Mpaka leo sijui ulikuwa wapi na sijawahi kukuuliza.

Ulitaka mtoto wa miezi minne akusemee neno linalokushinda wewe mtu mzima. Amejitahidi. Amefanya zaidi ya uwezo wake.

Tulirudi juu ya lori, mvua ikatupiga kuanzia darajani. Maksai tumemwacha. Nilimwambia Seni amchukue, akasema amemwahidi Padri mpaka Jumapili na yeye hana ugomvi na Padri.

Konsolata


Lipangalala
30 Desemba 1996

Mwanangu,

Nimesoma. Sina cha kujitetea, kwa hiyo sijitetei. Acha nikueleze ya jana, maana nayo wewe hukuwepo.

Siku ya pili ya Krismasi baba yako alikwenda kwenye halmashauri. Alichosema huko sikijui. Ninachojua ni kilichotangazwa misani: mtoto wa horini amepata mafua, tumwombee, na kwa Jumapili atatumika mwanasesere wa masista. Watu wakaitikia "Ee Bwana utusikie." Mafua, Konsolata! Mtoto aliyekuwa na afya kuliko kanisa zima.

Nikaamua kupita Njia ile kama mgeni, maana Krismasi nilikuwa jikoni sikuiona. Nikapanga mstari na watu wa Kibaoni. Malaika akasahau maneno. Herodi akatufokea. Tukabisha hodi nyumba tatu, na katika ile ya tatu mwenye nyumba alifanya vizuri sana, alitufungia mlango usoni mpaka bibi mmoja akasema, "Jamani, huyu ana roho mbaya kweli." Mimi nilishindwa kuondoka pale mlangoni na watu wakadhani nimeguswa na igizo.

Tukaingia bandani. Maksai wa Seni alikuwepo, anatafuna majani yake bila wasiwasi. Horini yupo mwanasesere wa plastiki, jicho moja halifungi, na wamemviringisha ile kanga ya njano niliyomnunulia mjukuu wangu. Ng'ombe wa mkwe wangu amepokelewa, kanga yangu imepokelewa, mtoto tu ndiye hakupokelewa. Na siku hiyo ni sikukuu ya Familia Takatifu.

Baba yako akapiga magoti mbele ya ile plastiki. Akalia, mwanangu. Machozi ya kweli, yanaingia kwenye sufi. Sijui alikuwa anamlilia nani na sikutaka kumhurumia, lakini nimekaa naye miaka thelathini na huruma inakuja yenyewe. Ilipofika zamu yangu nikagusa ule mguu, baridi na mgumu. Nikajiambia, Febronia, hii ndiyo kazi ya mikono yako.

Na bado sikusema. Usiku nikampakulia ugali na mlenda, akala, akaniuliza kama nami nilikuwa najua. Nikasema, Konsolata alishakujibu.

Nimejichukia kuliko ninavyoweza kuandika. Nakuja huko Mchombe. Nimemuaga kwamba nakwenda kuandaa shamba letu la huko. Sisemi utaniambia karibu. Nitakaa hata nje.

Mama


Lipangalala
26 Januari 1997

Kwako Mama Beatus,

Salamu. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima, ila nyumba haina mtu wa kuifagia.

Uliaga unakwenda shamba kwa wiki moja. Hii ni ya nne. Katekista wa Mchombe ananiambia huishi kwenye kibanda chetu cha shamba, unaishi kwa wale watu, unateka maji yao na kubeba mtoto wao. Akina mama wa jumuiya wananiuliza mwenyekiti wao yuko wapi. Nimewaambia unauguza. Usinifanye mwongo.

Pia nikujulishe kwamba halmashauri imekaa kuitathmini Njia ya Bethlehemu. Wamesema hakuna aliyepiga magoti kama mimi. Mwakani wanataka niwe Yosefu. Kwa hiyo nahitaji kujua joho umeliweka wapi, na urudi ulipunguze urefu, Yosefu hakuwa tajiri.

Mimi si mtu mbaya, Mama Beatus. Watu wanasema nimemkataa Seni kwa sababu ni Msukuma. Uongo. Msukuma ni mtu. Mwaka ule tulikula mihogo tangu Mei hadi Mei, na sikunung'unika kwa njaa. Kilichoniuma ni mtoto wangu mwenyewe. Nilimpa dungu alinde chakula cha ndugu zake, akaliacha kwa ajili ya mwanamume, na hadi leo hajafungua kinywa kukiri. Aliyeacha dungu siku ile akinijia akakiri kosa lake kwa mdomo wake, haki ya Mungu namfungulia mlango siku hiyo hiyo, naye na mumewe na mtoto. Mwambie hivyo.

Zile ndevu hazishikani tena. Nimejaribu gundi, nimejaribu ulimbo. Yule mtoto ana mkono mbaya. Nimesikia kwa katekista kwamba sasa anaumwa mafua kweli. Asiwekwe kwenye upepo.

Baba Beatus,
Kelestini


Mchombe
5 Februari 1997

Baba Konsolata,

Ndiyo, nimeandika hivyo na wino ninao wa kutosha kurudia.

Mtoto alipona mafua. Konsolata aliponiona nimesimama nje na kifurushi changu hakuniambia karibu. Alininyooshea ndoo, nikaenda kuteka maji, na tangu siku hiyo nateka.

Umesema aliyeacha dungu siku ile akikiri utamfungulia mlango. Umeapa kwa Mungu, na barua yako ninayo. Basi soma umekaa.

Aliyeacha dungu ni mimi. Zamu ilikuwa yangu, ulinipa wewe mwenyewe asubuhi, ukasahau kwa sababu hasira ilishakuchagulia mtu. Nilikuwa kwa Merina, jirani wa shamba. Nilikwenda kuomba chumvi nikakuta wanawake wana pombe mpya, wanacheka, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya miti ile zamu baada ya zamu peke yangu nikipiga kelele kwa ndege. Nilikunywa. Nilikunywa hadi jua likageuka. Mwenyekiti wa akina mama, mke wa mtu asiyegusa pombe. Niliporudi ulikuwa umeshamshika Konsolata kwa maneno, naye alinitazama, angeweza kuninyooshea kidole tu. Alikuwa na unga kichwani, Baba Konsolata. Hukujiuliza mtu anayelinda dungu anafanya nini na unga kichwani?

Seni hakuwahi kumjua kabla ya siku ile. Ng'ombe walimtoroka, akaja kuwatoa, akakuomba msamaha, akakuletea maksai wakulimie bure, ukawafukuza. Na mpango wa Krismasi nao ulikuwa wangu tangu mwanzo hadi mwisho. Konsolata alinikataza. Ulipomuuliza kama nilijua, alinifichia tena, na uliponiuliza mimi mezani nilikukwepa, nikakuwekea mboga.

Kwa hiyo usiwe na hasira na mtu mwingine. Mwenye kosa ulikuwa unakula naye sahani moja.

Sasa mlango ulioapia ni wangu peke yangu, na sitauingia. Konsolata simwombei, hana kosa la kusamehewa, kwa hiyo wewe huna cha kumsamehe. Ukitaka kumwona, lori la Nazari linaondoka sokoni kila Jumanne. Seni amesema kwake nafasi ipo. Mimi nimemwambia asiseme haraka.

Joho liko juu ya kabati, ndani ya mfuko wa sukari. Mtafute mwingine alipunguze. Lakini kabla hujajifunza kuwa Yosefu, na kabla hujafikiria kumshika tena Kelestini, kuna shikamoo ya binti yako inakungoja tangu Krismasi. Njoo kwanza uiitikie.

Mimi,
Mama Konsolata